Mali Iliyolala Nangwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Brightness, anayetuandalia ukurasa wa mtandaoni, amepiga tena kutoka Arusha. Washauri wa fedha wenzangu wote wameshatuma utambulisho wao, ukurasa unafunguliwa mwisho wa mwezi, anayesubiriwa ni mimi tu. Anataka nieleze mimi ni nani, nimetoka wapi, naamini nini kuhusu pesa. Na picha ya kutabasamu! Nimemwambia watu wa Mbulu hatutabasamu hovyo. Hakucheka.

Nimeanza hivi: "Jina langu ni Evarist. Nilizaliwa Tlawi, nafanya kazi Dongobesh. Nawasaidia watu wa kipato cha kawaida kuifanya pesa yao iwafanyie kazi." Nimemsomea mke wangu. Oliva anasema inasikika kama tangazo la dawa ya minyoo. Sina hasira naye, ila asubuhi yangu imeharibika.

Jumatano, 11 Juni

Baridi kali. Ukungu umekataa kuondoka hadi karibu mchana. Nimeandika sehemu ya maadili. La kwanza — ukweli. "Simwambii mteja jambo ambalo nisingemwambia mama yangu." Hiyo imenipendeza, siwezi kuficha.

Kisha nikaweka mfano wa mama mwenyewe, maana watu wanapenda mifano. Kwamba alikuwa na ng'ombe anayefugwa na rafiki yake kule Nangwa, wilaya ya Hanang, miaka nenda rudi, maziwa yote anakunywa rafiki. Kwamba mwezi wa pili nilimshauri amchukue, tukamuuza mnadani, na sasa pesa iko benki kwenye akaunti ya muda maalumu. "Mali iliyolala imeamka." Brightness ameipenda sana. Amenitumia vile vikaragosi vya makofi.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa tulipanda Tlawi kumsalimia mama. Shikamoo, marahaba, kaeni, chai. Amekonda. Na amekuwa mtu wa kujibu tu, haulizi kitu. Zamani ungekaa kidogo tu angeshaanza habari za Nangwa: rafiki yake Konsolata kasema hivi, ng'ombe kafanya vile, mpaka unachoka. Leo Nangwa haikutajwa.

Nikajitia kumtania. Mama, benki inakusalimia. Akasema benki haijawahi kufika hapa kumsalimia, akaenda kutazama moto wake.

Njiani Oliva akaniuliza kama sioni kwamba mama hana mtu. Nikasema ana sisi. 

Jumanne, 17 Juni

Mama mmoja anayeleta vitunguu kutoka Katesh ameniambia Konsolata wa Nangwa amerudishwa nyumbani. Hospitali wamesema hakuna zaidi wanachoweza kumfanyia, akae na watoto wake.

Nikampigia mama. Anajua. Anajua tangu Pasaka! Nikamuuliza kwa nini hakwenda, kwa nini hakuniambia nimpe nauli.

Akasema si nauli. Akakata simu.

Alhamisi, 19 Juni

Nilikwenda kumchukua mama nimpeleke Nangwa. Nikamkuta ameshavaa kitenge chake kizuri, amekaa kitandani, viatu viko mapajani. Nikasema twende. Akasema, "Nitaingia pale kama nani?"

Halafu akaongea. Sijamsikia akiongea kwa urefu vile tangu tulipomzika baba.

Sikukuu (jina la yule ng'ombe, alizaliwa Krismasi) alitoka uzao wa ng'ombe ambaye baba alimpeleka kwa mume wa Konsolata mwaka niliobatizwa. Huku kwetu malisho ni kidogo, kule wana nafasi. Maziwa ni ya nyumba inayolisha, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na mara mojamoja ndama mmoja anaachiwa wao. Hayo nilikuwa nayajua, ndiyo niliyoyapigia hesabu. Ila mwaka wa njaa mahindi yetu yalitoka Nangwa, hilo sikulipigia hesabu. Baba alipokufa, vijana wa Konsolata ndio walioshika majembe kaburini kabla sisi hatujamaliza kulia. Mama anasema miaka yote hiyo hajawahi kupiga hodi pale. Anaingia moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria aone kumepikwa nini.

"Ukimtoa ng'ombe wako kwa mtu bila neno, umemwambia tumemalizana," alisema. "Na mimi neno sikupeleka. Nilimtuma mwanangu na gari."

Nikamuuliza, mbona ulikubali?

"Sikukubali. Nilisema wewe ndiye uliyesoma."

Ni kweli. Hayo ndiyo maneno aliyosema mwezi wa pili, neno kwa neno, na mimi nikayahesabu kuwa ndiyo. Mimi ninayewafundisha watu kusoma masharti kabla ya kusaini! Nimerudi Dongobesh kwa pikipiki nikilia. Kofia ngumu imenisitiri.

Ijumaa, 20 Juni

Benki. Nimetoa pesa ya mama kabla ya muda wake. Karani akanikumbusha kwamba riba yote inapotea, kwa upole uleule ninaoutumia mimi kwenye semina. Kumbe unaudhi.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemtafuta Sikukuu. Ujinga, najua. Aliyemnunua ameshangaa, akaniuliza kama nina akili timamu — ng'ombe wa mwezi wa pili? Alipanda lori na wenzake kwenda kuchinjwa.

Alikuwa na mimba. Siku niliyokwenda kumchukua, Konsolata alikuwa hospitali. Hermani, mwanawe, ndiye aliyenikabidhi kamba. Akasema ana mimba ya miezi mitano, nimwendeshe taratibu. Nikafurahi, nikajua bei itapanda! Akauliza jambo moja tu, kama mama Philomena, yaani mama yangu, ndiye aliyesema. Nikajibu ndiye. Akanisaidia kumpandisha garini.

Sijalala vizuri tangu Alhamisi.

Nimenunua mtamba, jike ambaye bado hajazaa, mnadani. Rangi ya kahawia, ana baka jeupe usoni karibu sawa na lile la Sikukuu. Nimempeleka Tlawi mama amwone. Amemshika masikio, amempapasa mgongo. Amesema ni mzuri. Akamwachia, akasema, "Lakini siye."

Ijumaa, 27 Juni

Nimemwomba Brightness aondoe mfano wa mama. Amelalamika, anasema ndio uliokuwa unavutia kuliko yote, kila kitu kingine nilichoandika kinafanana na cha wengine. Nimemwambia aondoe hata hivyo. Akauliza basi kwenye maadili abakize nini. Nikasema abakize ukweli. Moja linatosha.

Kesho Nangwa. Mama amekubali kwenda kwa sababu hatuendi mikono mitupu. Oliva amefunga sukari, majani ya chai na blanketi. Ninaogopa kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika nikiwa hapahapa Nangwa, daftari gotini. Ni lazima mikono yangu ifanye kitu.

Tumefika na kirikuu cha mizigo, mimi na mama mbele, mtamba nyuma. Hermani akatoka. "Shikamoo mama." Marahaba. Akatuletea viti vya plastiki, akavipanga nje kivulini, akatuma mtu aje na soda.

Soda! Mama, ambaye hajawahi kupiga hodi hapa, ameshika chupa ya soda kama mgeni wa kutoka halmashauri. Hakuinywa. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni. Mtamba wetu amefungwa kwenye nguzo, nje ya zizi. Nikasema moyoni, haya, tumejibiwa. Tumemalizana kweli.

Halafu Hermani akaniita pembeni, nyuma ya zizi. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa natamani anitukane.

Akasema, "Sikumwambia."

Nani?

"Mama. Alivyotoka hospitali, kitu cha kwanza aliulizia Sikukuu. Nikamwambia mama Philomena amemchukua akazalie Tlawi, akishazaa atamrudisha na ndama wake. Ningemwambiaje kwamba ameuzwa? Angesema Philomena amekata urafiki naye akiwa kitandani."

Na amekuwa akiuliza kila siku. Amezaa? Bado. Philomena amesemaje? Amesema bado kidogo, mama. Mpaka amewakataza wasimtoe ndama wa jirani aliyeingia zizini, akidhani huenda ni yeye.

Nikamuuliza kwa nini basi ametuweka nje.

"Nilitaka mjue kabla hamjaingia. Mkiingia tu, atauliza."

Nimerudi kwenye viti na kumweleza mama yote, polepole, kwa Kiiraqw, maana kwa Kiswahili yalikataa kutoka. Hakulia. Aliweka soda chini, akaifunika na kizibo chake kana kwamba atairudia. Akasema, "Kwa hiyo hakunikasirikia." Akarudia tena. Miezi yote hii, yeye Tlawi anaona aibu kuja, na mwenzake huku anamngojea na ndama.

Hapo mtamba akalia pale nguzoni. Akalia kwa nguvu, ndiyo kwanza yuko ugenini.

Na sauti ikatoka ndani, nyembamba, sikuitambua kuwa ni ya Konsolata.

"Philomena? Umemleta?"

Mama akajibu, "Nakuja." Hilo tu. Amekwenda kwenye pipa la maji, ananawa uso, ananawa na mikono, anarudia kunawa. Hermani amesimama kando ya mlango, anatazama chini. Mtamba ana baka jeupe usoni. Chumbani kuna giza, na mgonjwa haoni vizuri tena, Hermani ameshasema. Mtu angeweza kumvuta mtamba mpaka kizingitini. Nimeliwaza hilo. Nimeliwaza mimi, wala si mwingine.

Mama amejifuta uso kwa ncha ya kitenge. Amekuja mpaka hapa nilipo, amesimama mbele yangu. Hana hasira, naona heri angekuwa nayo. Anauliza kwa kunong'ona, "Nikamwambie nini, wewe uliyesoma?"

Anangoja. Ndani Konsolata anauliza tena, ndama ni jike au dume.