Nilifungua Ngitili Ukiwa Hujazikwa

Mayu,

Wiki ya tatu hii tangu tukuzike, mama yangu, na bado sijalia. Watu wananiangalia usoni, wanasubiri. Mimi naosha vyombo, nafagia, nafungua duka kule Somanda, nalifunga, narudi hapa Ngulyati. Sisikii kitu moyoni.

Nikupe habari za bondeni. Yale matete uliyopanda na akina mama kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimba moramu ya barabara yamekanyagwa yote. Shimo la chini, lile lililoanza kushika maji msimu uliopita, limebaki tope na alama za kwato.

Nilifungua mimi, Mayu. Ulikuwa ndani, hujazikwa. Baba mdogo akaja akasema ng'ombe wake wana kiu, wachungaji wote wako msibani, niondoe miiba inayoziba ngitili, yale malisho ya akiba yenye mashimo yenu, siku moja tu. Sheria naijua, malisho yakishafungwa hayafunguliwi mpaka kijiji kikae kikao. Lakini msibani nani anamkatalia baba mdogo? Nikaivuta ile miiba kwa mikono yangu. Siku moja ikawa nne.

Nakumbuka ulivyobeba mizizi ya matete kwenye gunia lililoloa, ukanicheka na viatu vyangu vya mjini. "We, pita pembeni, hapo wamelala watoto," ukimaanisha mizizi uliyokwisha kufukia. Nilinuna. Viatu vilikuwa vipya.

Sasa anayelaumiwa ni Mama Kulwa, mwenzako. Ilikuwa zamu yake ya kulinda. Wanasema alizembea. Alizembea wapi jamani? Alikuwa chumbani anakuosha! Wanataka kumtoa kwenye kikundi chenu cha matete, na yeye kanyamaza tu, hataki kujitetea kwa kutaja mwili wa rafiki yake. Baba mdogo kaniambia na mimi ninyamaze, ya msibani yaishie msibani. Naona aibu, Mayu. Ni hiyo tu ninayoisikia.

Kesho kijiji kinakaa. Nitasimama mbele ya wote, na baba mdogo akiwepo, niseme aliyefungua ni mimi. Waniadhibu wanavyotaka. Halafu nitamwomba Mama Kulwa anifundishe mizizi inafukiwa kina gani, maana wewe sikuwahi kukuuliza.

Sijui kama matete yatashika tena. Pumzika, Mayu. Zamu yako ilikuwa Jumatano. Jumatano duka litafungwa, nitakuwa bondeni.

Binti yako,
Nyamizi