Malkia Bado Anakungoja Zizini

Baba,

Tangu tukuzike, ng'ombe wako Malkia hajala vizuri, na sasa ni wiki ya tatu. Huku Kabazi nyasi ya nepia imejaa baada ya mvua. Namkatia ile laini, ananusa tu na kugeuza uso. Daktari wa mifugo alimpima akasema hana ugonjwa. Kamau, kifungua mimba wako, anataka tumuuze kwa mchinjaji kabla hajabaki mifupa.

Unakumbuka ule mwaka ndama wake alikufa, akakataa kutoa maziwa? Ulijaza ngozi ya ndama nyasi kavu, ukaisimamisha mbele yake vile wazee walikufundisha. Akairamba, maziwa yakashuka. Mimi na cheti changu cha kilimo nikakucheka: "Si unaona, Baba? Ng'ombe ni harufu tu. Hana mawazo huyu."

Hukuacha kukamua. Ulisema tu, "Anajua amekufa. Anaramba kilichobaki."

Siku ya tatu ukaizika ile ngozi nyuma ya zizi, maziwa yakakatika tena. Tukanywa chai ya rangi, Mama akanuna wiki nzima, nami nikakuona mzee wa ajabu.

Sasa jana mchana mimi mwenyewe nikafanya nini? Nilivaa koti lako la kukamulia, nikaingia zizini nikipiga ule mluzi wako. Nilitaka tu ale, Baba, haki ya Mungu. Akainua kichwa, akanijia haraka. Akanusa mkono wa koti, akanusa kola, akanitazama usoni. Halafu akanipita, akatoa kichwa mlangoni, akaangalia njia ya kwenda nyumbani. Akalia mara moja kwa sauti ya chini, akasimama hapo kumngoja mwenye koti.

Nililivua nikakaa chini kwa mavi, nikalia. Hata kaburini sikulia hivyo. Watu walinisifu eti nimejikaza. Nilikuwa nimeganda tu, na aibu ya kukucheka ninayo hadi leo.

Kamau nimemwambia Malkia hauzwi. Amenikasirikia, na pengine yuko sawa, pengine Malkia atanifia tu mikononi. Lakini aki Baba, sisi tulikuona ukiteremshwa, tukatupa mchanga, tukaimba. Yeye alikuona ukitoka na ndoo ya maziwa, ukikohoa, ukafunga mlango. Na hakuna anayejua jinsi ya kumwambia.

Ni mimi, kitinda mimba wako.