Mwanangu Anakaa Kwenye Sanduku la Posta

Kijiji cha Zarechye,
23 Aprili 1961

Mpendwa mjukuu wangu Kapitolina,

Kristo amefufuka! Itikia huko huko Chita, hata kama mumeo ni mtu wa Chama. Mungu hakagui kadi. Hujambo? Watoto hawajambo? Kifua chako je, umekifunga sufu au unajitia ujana? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikorofisha.

Nakuandikia kwa ajili ya mjomba wako Yevlampi. Tangu vuli hajaleta barua, na kichwa changu kimevurugika.

Mwanangu huyo simwelewi. Alianza kwa kubuni injini za ndege, tukatembea vifua mbele. Mwaka wa thelathini na nane polisi wakamchukua, ati adui wa taifa. Adui gani anafungiwa, kisha anapewa meza achore injini zilezile? Baada ya miaka sita akarudi na nishani. Nikamuuliza, "Wewe ulikuwa mfungwa au mhandisi?" Akasema, "Vyote viwili, mama. Niongeze supu."

Siku hizi anatengeneza nini, hasemi. Anwani yake ni sanduku la posta na namba, basi. Nikaenda posta nikamwamuru karani Glafira alifungue, nione mwanangu anakaaje humo. Alicheka hadi mhuri ukamponyoka. Kisha akaninong'oneza, "Bibi Pelageya, hicho ni kiwanda cha siri. Sanduku ni jina tu." Ningejuaje? Kiwanda si kiitwe kiwanda!

Mara redio ikatangaza mtu wetu kaenda angani kwa roketi. Damu yangu ikaniambia: moto ule kauwasha Yevlampi. Glafira akanisomea gazeti lote. Rubani yumo, na mama yake yumo. Mwanangu hayumo. Nikapiga meza, nikasema nitawaandikia hao wenye gazeti, hawana haya! Glafira akanishika mkono.

"Nyamaza, bibi. Watu wa kazi za siri kama yeye hutajwa gazetini siku wakifa tu."

Basi sijui nijivune au nilie. Kila asubuhi naburuta goti hadi posta.

"Yumo gazetini?"

"Hayumo, bibi."

Nami narudi nacheka peke yangu njiani, watu wanadhani nimerukwa na akili.

Msalimie mumeo Nikandr, na wifi yako Raisa mwambie aache kumpa mtoto chai kali. Bikira Mtakatifu awafunike kwa shela lake.

Ni mimi nikupendaye na kukugombeza,
Bibi yako Pelageya