Kuku Mzima, Chumba Namba Mbili

Mwenzangu, nimejificha stoo hapa kliniki. Acha chochote unachofanya, usome.

Unaikumbuka ile skripti yangu ya kuingiza mafaili ya wagonjwa wa meno kwenye kanzidata? Mstari wa kwanza jina, wa pili matibabu. Wiki nzima najisifu! Leo nikaielekeza kwenye folda, mafaili mia nne, sekunde tatu, kwisha.

Kumbe humo humo nilihifadhi orodha ya sokoni aliyonitumia mama.

Dada wa mapokezi akashika kipaza sauti: "Kuku Mzima, chumba namba mbili."

KUKU MZIMA. Kwa kipaza sauti! Nikaomba ardhi ipasuke inimeze.

Halafu mzee mmoja akasimama. Akasimama, nakwambia! "Nimekaa hapa tangu asubuhi, mwanangu. Leo hata kuku nitakuwa."

Akaingia. Daktari naye, macho kwenye kompyuta, akamsomea kama ilivyoandikwa: "Kuku Mzima. Akatwe vipande vinane."

Mzee katoka mbio, kofia kaiacha kwenye kiti!

Sasa daktari ananitafuta mimi, na mzee yuko getini anamwambia mlinzi jino limepona lenyewe.