Mkate wa Mnyongaji

Durban, Jumapili, Julai 1998

Baridi ya leo ni kavu, jua linawaka bila kuchoma, na upepo unatuletea Sydenham harufu ya viwanda vya Jacobs. Nina furaha. Si furaha ya Kikristo.

Ujanani, kabla sijaacha masomo ya upadre, niliishi katika kijiji kidogo cha Italia, juu ya kilima. Jina lake sitaliandika. Wezi wa maneno wapo. Wazee wa kijiji hicho walipanda huko kuwakimbia maharamia wa baharini na homa za bondeni. Walijenga nyumba zilizopeana migongo, zikawa ukuta. Njia zake ni ngazi za mawe, na punda huzijua kuliko wageni. Tanuri lilikuwa moja kwa kijiji kizima. Alfajiri harufu ya mkate iliingia kila dirisha, na mbayuwayu waliuzunguka mnara wa kengele. Bi Assunta alinipa chumba na kuniita mwanawe. Alifariki baada ya mimi kurudi kwetu Bukavu, Kongo. Kaburi lake sijaliona.

Hayo nimekuwa nikiyasimulia kila mara baada ya misa. Kasongo, mwenye saluni kule Overport, alikuwa akinisikiliza kwa makini mno.

Alipokuja Padre mpya, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, Kasongo alimwahi. Alimwambia kwamba aliishi kule. Tanuri, ngazi, punda, vyote vikawa vyake. Nilipokwenda mimi, Padre alitabasamu kwa huruma, akasema, "Naona Bwana Kasongo amekusimulia vizuri."

Nilirudi nyumbani bila kumuaga.

Kisha ikatangazwa kwamba mama yake Padre anakuja kututembelea, na kwamba atarudi kwao na mtu mmoja wa jumuiya yetu kwa sikukuu ya kijiji. Kila mtu alijua atakuwa nani. Na mtu huyo hakuona haya kubisha mlangoni kwangu.

"Mzee, unisaidie kidogo. Kule banapokeaka mgeni wa heshima namna gani?"

"Wewe si uliishi kule?"

"Eish, Mzee! Usinifanyie vile. Nimesahau kidogo tu."

Nilimpa chai. Nikamwambia kwamba mgeni wa heshima huwekewa mkate uliogeuzwa kifudifudi.

Ukweli ni huu: zamani mwokaji aliugeuza mkate wa mnyongaji ili mtu mwingine asiuguse. Hata leo, katika kijiji kile, kumgeuzia mtu mkate ni kumtakia kifo.

Sikusali juu ya jambo hilo. Nilingoja.

Leo, katika ukumbi wa parokia, Kasongo aliubeba mkate kwa mikono miwili, akainama, akaugeuza na kuuweka mbele ya bibi yule, mama yake Padre. "Karibu, Maman!" Bibi akajishika kifua. Padre akawa mwekundu.

"Nani amekufundisha hili?"

"Ni Mzee!" Kasongo akaninyooshea kidole. "Ni yeye njo alinifundisha! Yote ni yeye!"

Yote ni yeye. Alisema hivyo mbele ya jumuiya nzima, kwa kinywa chake. Nililitafuna neno hilo polepole kama nyama.

Bibi aliugeuza mkate, akaubusu, akanitazama. Nikasimama na kumsalimu kwa lahaja ya Bi Assunta.

"Wewe ni yule mwana wa Assunta?" Akacheka hadi akafuta macho. "Assunta alimgeuzia mama yangu mkate mpaka walipozeeka, kwa ugomvi wa maji ya kisima! Kweli alikulea."

Padre aliniomba radhi mbele ya wote. Niliipokea bila kuharakisha.

Lakini bibi ameamua kwamba atatuchukua sisi sote wawili, ili tupatane njiani. Nitaliona kaburi la Bi Assunta. Mwanamume mwema angeridhika.

Mlangoni Kasongo alinikazia macho. "Mzee, kuanzia leo, kila kitu utaniambia, sitaamini hata moja."

Nimelifikiria neno lake jioni nzima, na limenipendeza. Basi nimeamua: safari yote nitamwambia ukweli mtupu juu ya desturi za kijiji kile, moja baada ya nyingine, naye atafanya kinyume chake.