Tumbo Lililovutwa Ndani

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko kazini kwako? Hapa mama yako mzima, cherehani nzima, mimi ndiyo hivyo, macho yananifanyia vitimbi. Usianze kulia. Daktari wetu mpya wa kisukari ananieleza kwamba sukari ikiachwa ovyo hula macho. Fundi kipofu atatunga uzi wapi, puani? Daktari anachoshangaa ni kwamba macho yanafifia, na kila nikienda kliniki sukari iko sawa.

Nikupe siri. Siku mbili kabla ya kliniki sili kitu cha maana, na chai nainywa bila sukari. Nikipimwa, nafaulu! Usimwambie mama yako.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila barua yako imeninyima raha. Unamdanganya nani? Yule ni daktari, si mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Nilicheka, halafu nikalia, nisamehe. Nikija nataka unione, si unipapase uso. Mwambie ukweli, tafadhali.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa kimya kwa sababu nilinuna. Mtoto kunifokea mimi! Sasa yamekwisha.

Kumbe kuna kipimo kingine, kinasoma sukari ya damu ya miezi mitatu nyuma. Kiliniumbua mchana kweupe. Nikangoja kufokewa. Daktari, binti wa rika lako, akasogeza kiti chake karibu.

"Fundi, mteja akivuta tumbo ndani unapompima suruali, unafanyaje?"

Nikamwambia, namchekesha kwanza, tumbo likirudi mahali pake ndipo napima. La sivyo suruali haifungi, na aibu ni yetu sote wawili.

Akaigonga karatasi ya majibu yangu kwa kidole. Lahaula! Nilijiona mjinga, kisha tukacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Akanichorea jicho, akanieleza yote, halafu akasema, "Haya, sasa nifundishe mimi." Nilikosea mara mbili, ya tatu nikapatia. Hakunificha: la kulia, kilichoharibika hakirudi. La kushoto bado linaokoleka, yeye na mimi tukisaidiana. Tukakubaliana nijipime kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Aliniuliza saa ngapi nafungua duka, ndipo tukapanga saa ya dawa.

Wiki iliyopita mteja mmoja aliniletea keki, nikaifagia yote. Asubuhi kipimo kikasema kumi na sita, juu mno. Mkono ulitaka kuandika saba, nakuapia. Nikaandika kumi na sita.

Jana daktari akalisoma daftari. "Asante, fundi. Sasa tuna pa kuanzia."

Nina miaka sitini na minne, mwanangu, na sijawahi kushukuriwa kwa kufeli. Nilitoka nje, nikasimama kando ya ukuta, nikalia kidogo, kwa macho yote mawili.

Baba yako