Mama Hakwenda Harusini Bungu

Dar es Salaam,
Jumapili

Kwako Dada Mwamini,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na mpunga mliovuna Mbuchi umesalimika na panya. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Usishangae kupata karatasi na simu ipo. Kwenye simu wewe hunichekesha nikasahau nilichopigia.

Kwanza pokea habari njema: Alhamisi nilitetea tasnifu yangu ya fizikia, nikafaulu. Ile chembe ya Higgs, uliyosema inajisemea peke yake kama mwanamume aliyenuniwa na mkewe, ndiyo iliyonitoa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta inaingiliana na yenyewe kwa nguvu kiasi gani. Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Lakini huenda zipo chembe nyingine nzito, tunazozidhania tu, zinazozuka na kutoweka humo ndani bila kuonwa na mtu, na kupita kwake huibadilisha nguvu ile. Hayo ndiyo masahihisho ya kikwantamu. Yangu yalitoka makubwa kuliko hesabu yenyewe. Msimamizi wangu, Dokta Elinipendo, akasema nimekosea, nirudie. Nikarudia mpaka akakubali. Alinifundisha kwamba kisichoonekana hujulikana kwa kile kinachobadilika kando yake.

Dada, nimeizoea mno kazi hiyo, ndiyo maana hamkuweza kunificha.

Ulisema Baba hajambo, amelala. Nikipiga tena, yuko shambani. Nikipiga tena, kaenda Dimani. Sikubisha. Kisha Bi Subira, shoga yake Mama, akamwozesha bintiye kule Bungu, na Mama hakwenda. Mama huyu, ambaye ngoma ikilia hujifunga kanga hata akiwa na homa! Ulisema mguu umemvimba. Mguu ukapona, lakini hata kuvuna hakutoka. Nikajua Mama amekaa eda, na Baba yetu mmeshamzika bila mimi.

Sikuambiwa na mtu. Najua kwetu mwenye mtihani hapelekewi msiba, na najua mlijikaza ili nisome. Sina hasira nanyi. Kidogo ninayo, lakini itapita.

Usilolijua ni hili: nilijua tangu mavuno. Ningeweza kukuambia basi, Dada, acha kujitesa. Badala yake nilizidi kupiga na kuuliza hali ya Baba. Ulidhani nimedanganyika, kumbe nilitaka tu kumsikia mtu akisema kwamba hajambo. Siku ile uliponiambia anakusalimu sana, nilikaa chini sakafuni nikalia, kisha nikakutuma umrudishie salamu zangu.

Nakuja wiki ijayo. Wabusu watoto. Mama mwambie asihangaike kujifanya mgonjwa. Nitaingia chumbani kwake mwenyewe, tulie pamoja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sihaba